Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufuatilia Mazulia ya Ukutani ya Mashujaa katika Nyaraka za Wafalme wa Zama za Kati

Majibu yaliyo hapa yanahusu hasa Ufaransa, Burgundy na Uingereza, kuanzia miaka ya 1360 hadi katikati ya karne ya 16. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Zulia la ukutani ni kitu gani hasa?

Ni kitambaa kizito kilichofumwa kwa mkono, ambacho picha yake haikuchorwa wala kutariziwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa, bali inatokana na nyuzi zenyewe. Mfumaji hupitisha mshindio (uzi wa kukingama) wa rangi fulani katika mtande (nyuzi zilizotandikwa kwanza) hadi pale umbo la rangi hiyo linapoishia, kisha huchukua rangi nyingine. Sufu ndiyo iliyokuwa malighafi kuu. Mwenye uwezo aliongeza hariri, na mwenye uwezo zaidi aliongeza nyuzi zilizozungushiwa dhahabu au fedha.

Wafalme waliyapenda mazulia haya kwa sababu yalikunjika. Mfalme wa Zama za Kati alihamahama kati ya makasri yake, na mazulia yalitangulia mbele yake juu ya mikokoteni, ili ukumbi wa mawe matupu ugeuke kuwa makao ya mfalme kabla yeye mwenyewe hajafika. Tabia hii ya kuhamishwa ndiyo iliyozaa nyaraka tunazozifuatilia leo.

2. Ni mashujaa gani wanaotajwa mara nyingi?

Kundi mashuhuri kuliko yote ni la Mashujaa Tisa, waliopangwa watatu watatu katika shairi la Kifaransa la Jacques de Longuyon la mwaka 1312 hivi. Wapagani ni Hector wa Troya, Aleksanda Mkuu na Julius Kaisari. Wayahudi ni Yoshua, Daudi na Yuda Makabayo. Wakristo ni Mfalme Arthur, Charlemagne na Godefroy wa Bouillon. Baadaye kulikuwa pia na kundi la mashujaa tisa wa kike, na makundi hayo mawili wakati mwingine yalifumwa pamoja.

Nje ya kundi hilo utakutana na Hercules, Jason, Gideoni, Clovis, Yvain na mashujaa wengine wa hadithi za Arthur, pamoja na vita vya Troya kwa ujumla wake. Msomaji wa leo hutenganisha Daudi wa Biblia na Arthur wa hadithi, lakini makarani wa wakati ule hawakufanya hivyo. Kwao wote walikuwa watu wa historia, na mara nyingi neno lililotumika kwa zulia la Daudi na la Arthur ni hilo hilo moja: historia ya fulani.

3. Kwa nini mambo haya yaliandikwa?

Kwa sababu ya fedha na dhamana. Orodha ya mali iliandaliwa mfalme au mtawala alipofariki, mtunza mali alipobadilishwa, binti alipoolewa na kupewa mali, vitu vilipowekwa rehani, au mtu alipoanguka na mali yake ikataifishwa. Mwaka 1397, Thomas, Duke wa Gloucester na baba mdogo wa Mfalme Richard II, alipokamatwa, vitu vyake vilivyokuwa katika ngome ya Pleshey viliorodheshwa kwa niaba ya taji, mazulia yakiwemo. Tunajua alichokuwa nacho kwa sababu alinyang'anywa.

Karani hakuwa mpenzi wa sanaa. Alitaka kuthibitisha kwamba kitu kilichokabidhiwa leo ndicho kitakachodaiwa kesho, kwa hiyo aliandika yale tu yanayotofautisha kitu kimoja na kingine: mada, malighafi, ukubwa, uchakavu, na kama kuna bitana nyuma. Ukikumbuka jambo hili hutashangaa kukuta ukurasa mzima usio na jina la mfumaji hata mmoja.

4. Kuna aina ngapi za nyaraka, na zinatofautianaje?

Kwa kazi hii zinazofaa ni nne. Orodha za mali hueleza kilichokuwepo siku fulani. Vitabu vya hesabu za mwaka hueleza kilicholipwa, kwa nani na kwa ajili gani. Mikataba na stakabadhi hueleza kilichoagizwa na masharti yake. Masimulizi ya waandishi wa matukio ya wakati ule hueleza kilichoonekana kwenye sherehe, nayo yanahitaji tahadhari yake (tazama swali la 15).

Thamani kubwa hupatikana pale aina mbili zinapokutana. Mfano bora hauhusu shujaa, lakini hauachiki. Orodha ya vitabu vya Charles V wa Ufaransa ilikuwa na maandishi ya Ufunuo wa Yohana yenye picha, na pembeni mwa ingizo hilo iliandikwa kwamba mfalme amempa ndugu yake wa Anjou ili atengenezewe zulia lake zuri. Hesabu za ndugu huyo, Louis wa Anjou, nazo zinaonyesha malipo katika miaka ya 1370 kwa mfanyabiashara Nicolas Bataille na kwa mchoraji Hennequin wa Bruges. Zulia lenyewe lipo hadi leo katika ngome ya Angers. Kitabu, malipo na kitambaa vyote vitatu vinakutana, jambo ambalo ni nadra mno.

## Kusoma ingizo

5. Ingizo la kawaida linaonekanaje?

Ni fupi kuliko watu wanavyotarajia. Orodha kubwa ya mali ya Charles V, iliyoanza kuandaliwa miezi michache kabla ya kifo chake cha Septemba 1380, inataja mazulia mawili ya Mashujaa Tisa, mengine mawili ya Godefroy wa Bouillon, zulia la Grali Takatifu (chombo kitakatifu kinachotafutwa katika hadithi za Arthur), na mengine yenye Yvain. Kwa baadhi yake hiyo ndiyo karibu habari yote. Huelezwi shujaa amesimama au ameketi, wala kama tisa hao waligawanywa katika mazulia mawili au kila zulia lilikuwa na wote tisa.

Mahali penye utajiri usiotarajiwa ni pembeni mwa ukurasa. Orodha zilikaguliwa tena na tena, na kila mkaguzi aliandika kilichotokea: kimetolewa zawadi, kimeuzwa, kimekatwa, hakikuonekana. Wachapishaji wengi wa karne ya 19 waliyaweka maelezo hayo chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, na msomaji mwenye haraka huyaruka. Usiyaruke.

Orodha ya mali ya Henry V wa Uingereza, iliyowekwa katika kumbukumbu za Bunge mwaka 1423, ina njia yake nyingine ya kutambulisha. Baadhi ya mazulia hutajwa kwa maneno ya mwanzo ya maandishi yaliyofumwa juu yake. Hiyo ni alama nzuri sana kwa mtafiti, kwa sababu maandishi yaliyofumwa hayabadiliki, ingawa makali ya mkasi yanaweza kuyaondoa.

6. Vipimo vimeandikwa kwa *aune*. Hizo ni mita ngapi?

*Aune* ni kipimo cha kale cha urefu wa vitambaa, na jibu linategemea mji. *Aune* ya Paris ilikuwa karibu mita 1.19, na ya Flanders karibu mita 0.69. Zulia la *aune* 10 kwa hiyo ni ama karibu mita 12 au karibu mita 7. Angalia kwanza aliyepima ni nani na malipo yalifanyika wapi. Uingereza ilikuwa na kipimo chake, lakini mazulia yaliyotoka ng'ambo yalipimwa mara nyingi kwa kipimo cha Flanders.

7. Je, bei inanisaidia chochote?

Inasaidia kulinganisha zulia na zulia ndani ya hesabu moja, basi. Philip Mwema, Duke wa Burgundy, aliahidi *écu* (sarafu za Kifaransa) 8,960 za dhahabu kwa mazulia manane ya Gideoni mwaka 1449, na miaka kumi baadaye alilipa *écu* 5,000 kwa mazulia ya Aleksanda kutoka kwa Pasquier Grenier wa Tournai. Tofauti hiyo inakueleza uzito wa mradi wa kwanza. Kujaribu kuzigeuza fedha hizo kuwa shilingi za leo ni kupoteza muda.

Kumbuka pia kwamba aliyelipwa si lazima awe ndiye aliyefuma. Nicolas Bataille na Pasquier Grenier walikuwa kwanza wafanyabiashara. Walipokea oda, wakatafuta mtaji, wakagawa kazi kwa karakana, kisha wakapeleka mali kwa mteja.

8. Kwa nini kitabu kimoja kinasema 1379 na kingine 1380 kwa waraka ule ule?

Kwa sababu mwaka haukuanza Januari. Katika utawala wa Ufaransa mwaka ulianza Pasaka, kwa hiyo siku za Januari, Februari na Machi bado zilihesabiwa katika mwaka uliotangulia. Orodha ya Charles V ilianza kuandaliwa Januari, na karani aliandika 1379. Sisi tungesema 1380. Uingereza walianza mwaka tarehe 25 Machi, na mara nyingi waliandika mwaka wa utawala wa mfalme. Kwa mfano, mwaka wa 8 wa Edward IV ulianza tarehe 4 Machi 1468 na kwisha tarehe 3 Machi 1469.

Katika daftari lako andika tarehe ilivyo kwenye waraka na tarehe uliyoigeuza, zote mbili. Makosa mengi ya mwaka mmoja yanayozunguka katika vitabu yametokea kwa mtu kugeuza tarehe ambayo mwenzake alikwisha kuigeuza.

9. Ingizo linasema zulia ni la Arras. Je, limefumwa Arras?

Huenda, lakini si lazima. Mji wa Arras ulisifika kiasi kwamba jina lake likawa jina la bidhaa yenyewe, hasa Uingereza, ambako makarani walilitumia kwa mazulia ya ubora wa juu popote yalipofumwa. Paris, Tournai na baadaye Brussels zote zilifuma mazulia yaliyoandikwa hivyo.

## Kutoka kwenye waraka hadi kwenye kitambaa

10. Nimeona zulia la shujaa katika makumbusho na ingizo linalofanana nalo. Je, ni kitu kimoja?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu la kuanzia ni hapana, mpaka uthibitishe. Kufanana kwa mada hakutoshi, kwa sababu michoro ya kielelezo, ambayo wafumaji waliifuata, ilitumika tena na tena. Chukua mazulia ya Vita vya Troya. Mwaka 1472 seti moja ilitolewa zawadi kwa Charles Jasiri wa Burgundy. Mwaka 1488 Henry VII wa Uingereza alinunua seti kutoka kwa familia ya Grenier. Na leo mazulia manne ya mada hiyo yako katika kanisa kuu la Zamora, Hispania, huku vipande vingine vikiwa London na New York. Anayesoma ingizo la Henry VII kisha akatazama zulia la Zamora anaona mchoro uliotoka katika chimbuko moja, si kitu kile kile.

Ushahidi unaofaa ni nembo ya ukoo iliyofumwa (si iliyoshonwa baadaye), vipimo vinavyolingana baada ya kuzingatia swali la 6, malighafi zinazolingana, na mnyororo wa wamiliki usio na pengo kubwa. Nyuzi za dhahabu ni kipimo kizuri cha haraka: ingizo likisema zulia lilikuwa na dhahabu na kitambaa kilichopo hakina hata uzi mmoja wa dhahabu, mjadala umekwisha.

Zulia la maua elfu la Philip Mwema, lililoko Bern, linaonyesha jinsi ushahidi mzuri unavyokuwa. Lina nembo yake, malipo ya mwaka 1466 kwa Jehan le Haze wa Brussels yamo katika hesabu za Burgundy, na Waswisi waliteka mali za mwanawe, Charles Jasiri, katika mapigano ya Grandson mwaka 1476. Halina shujaa yeyote, lakini laiti kila zulia la Hector lingekuwa na faili kama hilo.

11. Mazulia ya Mashujaa Tisa yaliyoko New York yalikuwa ya nani?

Yaliyoko The Cloisters, tawi la Metropolitan Museum of Art, yalifumwa kusini mwa Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo) miaka ya 1400 hadi 1410 hivi. Kati ya mashujaa tisa wamebaki watano: Yoshua, Daudi, Kaisari, Arthur, na mpagani mmoja ambaye ni Hector au Aleksanda. Arthur hutambulika kwa mataji matatu ya dhahabu. Katika zulia lenye mashujaa wa Kiyahudi kuna bendera ndogo juu ya majengo, nyingi zikiwa na nembo ya Jean, Duke wa Berry, ndugu yake Charles V. Nembo hizo ndizo zilizowafanya wataalamu wayahusishe na Berry mwenyewe au na mtu wa karibu naye.

Hapo ndipo pa kusimama. Berry aliacha orodha za mali zenye maelezo mengi, zilizoandaliwa kati ya 1401 na kifo chake mwaka 1416, na ni rahisi kushawishika kuchagua ingizo moja na kulibandika kwenye kitambaa. Nembo inaonyesha uhusiano. Haionyeshi ni ingizo lipi. Isitoshe, mazulia hayo yalikuwa yamekatwa vipande vipande, baadhi vikatumika kama mapazia, na makumbusho yaliyaunganisha tena kutoka vipande zaidi ya tisini. Kulinganisha vipimo vya leo na vya karne ya 15 hakuwezekani kwa uhakika.

12. Kwa nini mazulia ya Gideoni yanajulikana sana ilhali hayapo?

Kwa sababu mkataba wake ulihifadhika, na ni mkataba wa kina. Philip Mwema aliyaagiza kwa ajili ya Shirika la Ngozi ya Dhahabu, jumuiya ya heshima ya wapiganaji wa kikabaila, alilolianzisha Bruges mwaka 1430. Wafanyabiashara Robert Dary na Jehan de l'Ortie wa Tournai waliahidi mazulia manane katika muda wa miaka minne, kwa michoro ya Baudouin de Bailleul wa Arras, yenye urefu wa jumla wa karibu mita 98. Duke alihakikisha kwamba michoro hiyo inabaki mikononi mwake, ili mtu mwingine asifumiwe nakala. Sharti hilo ni la kipekee katika biashara iliyoishi kwa kurudia michoro, kama swali la 10 linavyoonyesha.

Yalitundikwa kwa vizazi kadhaa, na yalikuwepo Brussels Kaisari Charles V wa Dola Takatifu la Roma (si yule wa Ufaransa) alipong'atuka mwaka 1555. Yalipotea mwishoni mwa karne ya 18.

13. Mengine yalikwenda wapi?

Yalichakaa, yaliliwa na nondo na panya, yalikatwa yakawa mifuniko ya farasi na matandiko. Mengine yaliuzwa kwa mkupuo: baada ya kifo cha Charles VI mwaka 1422 Paris ilikuwa chini ya Waingereza, na orodha ya mazulia ya mfalme yaliyotawanywa wakati huo imesalia. Dhahabu nayo iliponza: mwaka 1797 serikali ya Ufaransa ilichoma mazulia mengi ya kifalme ili kuokota madini yaliyokuwa ndani ya nyuzi.

## Kufanya utafiti ukiwa mbali

14. Nianzie wapi kama siwezi kusafiri Ulaya?

Anza na matoleo yaliyochapishwa karne ya 19, ambayo hayana tena haki za uchapishaji. Jules Labarte alichapisha orodha ya Charles V mwaka 1879, na Jules Guiffrey alichapisha orodha za Berry pamoja na ile ya mazulia ya Charles VI. Yanapatikana bure katika Gallica, maktaba ya kidijitali ya taifa ya Ufaransa. Hesabu za Burgundy zimehifadhiwa Lille na Dijon, na za wafalme wa Uingereza ziko katika hifadhi ya taifa iliyoko Kew, London. Orodha ya mali ya Henry VIII ya mwaka 1547, yenye mazulia zaidi ya 2,000, imechapishwa kikamilifu, na husaidia kurudi nyuma kutafuta yaliyonunuliwa na waliomtangulia.

Lugha ni Kifaransa cha kale na Kilatini kwa sehemu kubwa. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa ana nafasi nzuri zaidi hapa kuliko wengi wetu tuliosomea Kiingereza. Unapotafuta kwa kompyuta, usiridhike na tahajia moja: jaribu *tapis*, *tappiz*, *drap*, *chambre*, na jina la shujaa kwa kila namna linavyoweza kuandikwa. *Chambre* inahitaji uangalifu, maana ilimaanisha seti nzima ya vitambaa vya chumba, kuanzia pazia za kitanda hadi mifuniko ya mabenchi.

## Hali zenye utata

15. Je, masimulizi ya karamu yanahesabika kama ushahidi?

Yanahesabika, lakini si kama orodha. Katika Karamu ya Kwale-Manga (*Banquet du Faisan*) ya Philip Mwema iliyofanyika Lille tarehe 17 Februari 1454 (katika nyaraka ni 1453, tazama swali la 8), waliokuwepo wanasimulia kwamba ukumbi ulitundikwa zulia la maisha ya Hercules. Hatuna sababu ya kulikataa hilo. Lakini msimulizi alikuwa akipamba habari za bwana wake, na hakupima kitu. Mashairi yanayoeleza mazulia ya kifahari yawekwe mbali zaidi, kwa sababu mshairi aliweza kufuma kwa maneno kitambaa ambacho hakijapata kuwepo.

16. Zulia la Bayeux liko kundi gani?

Si zulia lililofumwa. Ni tarizi ya sufu juu ya kitani. Orodha ya mali ya kanisa kuu la Bayeux ya mwaka 1476 ililijua hilo vizuri, kwani inalitaja kuwa kitambaa kirefu sana na chembamba, chenye tarizi ya picha na maandishi, kinachoonyesha kutekwa kwa Uingereza. Karani wa 1476 alikuwa makini kuliko vitabu vingi vya watalii.

17. Ingizo linataja Ngozi ya Dhahabu. Ni Jason au Gideoni?

Soma tarehe. Jason ndiye shujaa wa Kiyunani aliyeiteka ngozi ya dhahabu, na Philip Mshupavu, babu yake Philip Mwema, alinunua mazulia ya Jason mwaka 1393, miaka mingi kabla ya Shirika kuanzishwa. Baadaye viongozi wa Shirika waliona aibu kuwa na mlinzi aliyevunja ahadi kwa mkewe Medea, na Jean Germain, askofu na kansela wa Shirika, alimpendekeza Gideoni wa Biblia na ngozi yake iliyolowa umande. Jason hakufukuzwa kabisa, kwa hiyo ingizo la baada ya 1430 lisilomtaja shujaa kwa jina liachwe wazi.

18. Zulia moja laweza kuonekana kwa majina mawili, au mazulia mawili kwa jina moja?

Yote mawili hutokea. Zulia la vita vya Roosebeke vya 1382, alilofumiwa Philip Mshupavu na Michel Bernard wa Arras, lilikuwa kubwa kiasi cha kuwashinda watunzaji, likakatwa vipande vitatu. Anayehesabu maingizo bila kujua hilo ataona mazulia matatu. Kinyume chake, karani mpya asiyemtambua shujaa aliandika tu alichokiona, yaani mfalme juu ya farasi, au watu wenye silaha, na zulia la Charlemagne likapoteza jina lake kati ya orodha mbili.

Njia ya kulinasa zulia la namna hiyo ni kupanga orodha za mtawala mmoja kwa mfuatano wa tarehe na kulinganisha mazulia kwa vipimo, bitana na mahali yalipotunzwa, huku mada ikiachwa iwe ya mwisho.